Barua ya wazi kwa vijana wetu wanaodaiwa na waliovunjika moyo

Wapendwa wanangu, Bwana Yesu asifiwe.

Ninawaandikia ninyi ambao siku hizi hatuwaoni jumuiyani. Wapo kati yenu wanaouza nguo Kariakoo, wapo wanaoendesha bodaboda za mkataba, na wapo waliohitimu chuo ambao bahasha zao za vyeti zimechakaa kwa kuzungushwa maofisini. Najua wengi wenu hamkuacha ibada kwa kupoa imani, bali kwa aibu, maana anayedaiwa huwakwepa kwanza wale wanaomfahamu.

Zaburi ya 46 inasema, “Mungu kwetu sisi ni kimbilio na nguvu, msaada utakaoonekana tele wakati wa mateso.” Andiko hili tunalibandika hata kwenye vioo vya daladala, lakini tukiliachia hapo mtu atadhani kwamba kumkimbilia Mungu ni kujifungia chumbani, kuzima simu na kungoja muujiza. Someni basi Samweli wa Kwanza, sura ya 22. Daudi, akimkimbia Sauli, alijificha katika pango la Adulamu, na pamoja na jamaa zake wakamwendea huko watu wenye dhiki, wenye madeni na wenye uchungu moyoni, wapatao 400. Wadaiwa wametajwa waziwazi, wala Maandiko hayakuwaonea haya. Zaburi ya 142, inayoitwa sala ya Daudi alipokuwa pangoni, inamwonyesha akimweleza Mungu malalamiko yake bila kuyapamba, hata kufikia kusema kwamba hakuna anayemjali. Sala ya namna hiyo inaruhusiwa, na mimi naiheshimu kuliko maombi marefu ya kujikaza mbele za watu.

Tena angalieni alichofanya baadaye. Aliwapeleka baba yake na mama yake kwa mfalme wa Moabu wapate mahali salama. Kisha nabii Gadi akamwambia asikae ngomeni bali aende nchi ya Yuda, naye akaondoka, ingawa Sauli alikuwa bado anamwinda. Huyu aliyekuwa amemkimbilia Mungu aliyapanga mambo ya wazazi wake, akasikia shauri, akarudi kuikabili hatari yake.

Hapo ndipo ninapotaka tuzungumzie mikopo kausha damu, yaani ile ya riba kubwa inayomkamua mkopaji. Dada mmoja wa jumuiya yetu, ambaye ameniruhusu nilieleze jambo hili, alikuwa akifunga kibanda chake saa kumi na moja jioni kabla kijana wa marejesho hajafika na daftari lake, na wateja wa jioni, ambao ndio wenye fedha, wakawa wanakuta kufuli. Kujificha kwenyewe kukawa kunalikuza deni. Alipolisema mbele ya jumuiya tulisali naye, halafu wawili kati yetu tukafuatana naye kwa mkopeshaji kuomba apangiwe upya marejesho. Deni halijaisha, lakini kibanda sasa kiko wazi hadi saa mbili usiku.

Nanyi mliokopa kwa simu, mkaona ndugu na marafiki wakitumiwa ujumbe wa kuwadhalilisha, jueni kwamba Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo zilizokuwa zikiendeshwa bila leseni. Kwa hiyo, kabla hujakopa kwingine ili ulipe kwa hofu, hakikisha kwanza unadaiwa na nani na kwa masharti gani. Na yeyote anayekuuzia chupa ya maji au mafuta ya upako ili deni lifutike, huyo naye anakuongezea matumizi.

Jumuiya inakutana Jumatano saa kumi na mbili jioni. Anayeona vigumu kusema mbele ya wote aje kwangu Jumapili baada ya ibada ya kwanza, aje na mkataba wake wa mkopo au simu yenye ujumbe huo. Tutasali, kisha tutausoma pamoja mstari kwa mstari.

Ni mimi mzee wenu wa kanisa,
Tabata, Dar es Salaam