Shule za kimataifa zikipe Kiswahili nafasi yake

Mhariri,

Naomba nafasi nitoe maoni kuhusu masomo yanayofundishwa katika shule za kimataifa za msingi na za kati, ambazo baadhi ya wazazi wa Kisumu na Nakuru huwachagulia watoto wao. Kiingereza, hisabati na sayansi hufundishwa kwa kina, na sanaa na muziki hazipuuzwi. Kwa hayo nashukuru.

Linalonisikitisha ni Kiswahili. Katika shule anayosoma binti yangu, somo hilo limepangiwa kipindi kimoja tu kwa wiki, tena Ijumaa alasiri watoto wakiwa wamechoka, ilhali Katiba ya 2010, katika Ibara ya 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Mtoto wa aina hii akihamia shule inayofuata mtaala wa kitaifa, ambako Kiswahili ni somo la lazima katika shule ya msingi na sekondari msingi, atatatizika kuandika insha na kujibu maswali ya ufahamu.

Jiografia nayo ingefaa ianzie hapa nyumbani, kwa Mto Nyando na mafuriko yanayowahamisha wakazi wa nyanda za Kano.

Naziomba shule hizo zitenge angalau vipindi vitatu vya Kiswahili kila wiki, vifundishwe asubuhi na mwalimu aliyesomea somo hilo, na alama zake ziandikwe kwenye ripoti ya muhula.

Mzazi,
Kisumu