Urafiki wa dini unahitaji zaidi ya picha ya viongozi

Ndugu Mhariri,

Mwaka 2010 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliitenga wiki ya kwanza ya Februari iwe ya maelewano baina ya dini. Tangu hapo, ikifika wiki hiyo magazeti hutoa picha ileile: viongozi wamepanga safu, wameshikana mikono. Sina ugomvi na picha. Ila waumini wanaopishana njiani kila siku hawamo, na wiki ikiisha kila mmoja anamjua jirani yake kama alivyomjua mwanzo. Kwa wanaotaka kuanza mtaani kwao, naomba nafasi nieleze yanayojenga na yanayobomoa.

Anzeni na kazi, mjadala wa imani usubiri. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Gordon Allport wa Marekani alieleza kuwa kukutana peke yake hakuondoi chuki. Kunasaidia pale pande zinapokuwa na hadhi sawa, zina lengo moja, zinashirikiana, na wakubwa wao wameridhia. Hilo la hadhi ndilo linalosahaulika. Upande mmoja ukialika, ukapika, ukalipa na ukaongoza, wengine hubaki wageni, na mnong'ono kwamba wanavutwa kubadili dini hauchelewi. Basi idadi iwe sawa, sita kila upande wanatosha, wanawake na vijana wakiwemo. Uenyekiti na mahali pa kukutania vizunguke. Mchango, hata kama ni mdogo, utoke kwa wote.

Kazi nayo ina mitego. Kuchangia damu huonekana jambo lisilo na pingamizi, kumbe Mashahidi wa Yehova hawatiwi damu wala hawachangii, na mwenye saumu hashauriwi kutoa damu mchana. Kuzibua mitaro au kupanda miti hakumwachi mtu nje.

Siku? Ijumaa mchana ni ya Waislamu, Jumamosi ya Wasabato na Wayahudi (nao huianza Ijumaa jua likizama), Jumapili asubuhi ya Wakristo wengi. Jumapili baada ya swala ya Alasiri, mkimaliza kabla ya Magharibi, huwafaa wengi. Kumbukeni pia kwamba Ramadhani husogea nyuma siku 10 au 11 kila mwaka.

Chakula kimevunja vikundi vingi kuliko teolojia. Kuondoa nguruwe hakutoshi: Mwislamu atauliza nyama imechinjwa na nani na sufuria ilipikia nini kabla, Wahindu wengi hawali ng'ombe, wengine hawali nyama kabisa, na Waorthodoksi wakiwa kwenye mfungo huacha hata maziwa na mayai. Pikeni mboga, nafaka na matunda kwa mafuta ya mimea, katika vyombo ambavyo kila upande umeviridhia, na kila sahani iwe na karatasi inayotaja vilivyomo. Hapo hakuna atakayelazimika kujieleza mbele za watu.

Kwenye sala, msichanganye. Papa Yohane Paulo II alipowaita viongozi wa dini Assisi, Italia, Oktoba 1986, kila dini ilisali kwa namna yake na kwa zamu, wengine wakiwa kimya. Utaratibu huo unatosha. Sala ya pamoja iliyopunguzwa ili isimkwaze yeyote huwakwaza wote.

Mkizoeana, tembeleaneni kwenye nyumba za ibada, lakini mwenyeji aeleze mambo siku kadhaa kabla: viatu vinavuliwa wapi, nani anafunika kichwa (kwa Masingasinga ni wanaume na wanawake), mgeni anakaa wapi wakati wa komunyo ambayo si yake. Kwenye hekalu la Kihindu mgeni anaweza kupewa prasadi, yaani chakula kilichotolewa kwanza kwa mungu. Waislamu na Wakristo wengi hawatakila, na mkono uliorudishwa ghafla huumiza mwenyeji. Akijua mapema, hatakileta.

Mazungumzo ya imani yakianza, shikeni kanuni za Krister Stendahl, askofu wa Kilutheri, alizozitoa Stockholm, Uswidi, mwaka 1985 wakati hekalu la Wamormoni (dhehebu lililoanzia Marekani) likipingwa huko: ukitaka kuijua dini, waulize waumini wake, usiwaulize maadui zake, na usilinganishe mazuri ya kwenu na mabaya ya kwao. Mimi naongeza moja: kila mtu ajisemee mwenyewe. Swali la "kwa nini watu wenu walifanya vile?" humgeuza mgeni mshitakiwa.

Andikeni ukurasa mmoja wa makubaliano: hakuna kuhubiriana, hakuna picha wala video bila ruhusa. Kipande cha sekunde kumi cha shehe akizungumza kanisani, kikikatwa na kusambazwa, kinaweza kumgharimu shehe huyo msikiti wake. Kila nyumba ya ibada itoe namba mbili za simu. Uvumi ukizuka, watu hao wapigiane kwanza, waende wawili wawili kuangalia kilichotokea, kisha tangazo moja lisomwe kotekote kwa maneno yaleyale.

Jambo la mwisho ni uhamisho. Mchungaji au imamu aliyeanzisha urafiki akiondoka, kikundi hufa naye, kwa sababu mrithi hukuta jambo asiloshirikishwa. Kila kiongozi awe na msaidizi anayehudhuria vikao tangu mwanzo, na kiongozi mpya atembelewe na kikundi kizima katika mwezi wake wa kwanza, akiwa bado anapokea wageni.

Msomaji wako