Masanja, rudi kwenye dawa

Pasiansi, Mwanza

Masanja rafiki yangu,

Mwangaluka. Huku hatujambo, watoto wazima, mama anauliza kila wiki lini utakuja kula sato wake. Pale Kirumba dagaa wamepanda bei tena, hayo tutaongea siku nyingine.

Shemeji alinipigia juzi usiku. Tafadhali usimgombeze, amefanya la haki. Anasema umeacha vidonge vyote, vya sukari na vya presha, kwa kuwa ulipima ukakuta sukari imeshuka hadi 6.4 (milimoli kwa lita) na hujisikii chochote. Masanja, imeshuka kwa sababu ulikuwa unameza dawa! Ulianza na 13 asubuhi kabla hujatia kitu mdomoni, wakati hata 7 ni kisukari tayari. Na presha ya 160 kwa 100 haipigi hodi. Mtu anaendesha lori hadi Geita, anakula, anacheka, kumbe mishipa inaharibika.

Kama ni tumbo lilikusumbua, metfomini, ile dawa ya sukari, huwafanya hivyo wengi mwanzoni. Humezwa pamoja na chakula, na ikizidi unamwambia daktari apunguze dozi au abadilishe dawa. Wewe ukahamia kwenye ile chupa ya mitishamba ya stendi. Nani amepima kilichomo?

Kinachoninyima usingizi ni moyo wako. Tumezoea kudhani kisukari ni kukojoa mara kwa mara na kidonda kisichopona, basi. Mwenye kisukari hatari yake ya kupata shambulio la moyo au kiharusi ni mara mbili hadi tatu ya mwenzake asiye nacho. Weka presha juu yake, weka sigara... Unakumbuka ya Bwire. Hakushika kifua hata mara moja. Alisema ana kiungulia, jasho likamtoka mpaka shati likaganda mgongoni, akaomba soda baridi akidhani ni njaa. Daktari alitueleza baadaye kwamba sukari ikikaa juu miaka mingi huharibu neva, moyo ukashambuliwa na mtu asisikie yale maumivu. Soda yenyewe niliishika mimi. Sasa nikikuwaza wewe peke yako njia ya Geita usiku, halafu ghafla...

Nirudi kwenye chakula. Kwenye harusi ya Kulwa walikusifu umenawiri, mimi kile kitambi kilinitia hofu. Mwambie fundi cherehani akupime usawa wa kitovu. Mwanaume akipita sentimita 94, mara nyingi mafuta yameshazunguka ini na utumbo, na hayo ndiyo yanayofanya insulini, homoni inayoshusha sukari, ishindwe kazi yake. Ugali ule nusu ya ule wa sasa, mboga za majani zijaze sahani, samaki achemshwe. Hata michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, ni wanga, ina kipimo. Kayabo, samaki wa chumvi, najua huachi, basi shemeji amloweke usiku kucha na kubadilisha maji, maana chumvi ya siku nzima haitakiwi kuvuka gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai. Soda za njiani ziache kabisa, chupa ya mililita 350 ina karibu vijiko tisa vya chai vya sukari. Ukipaki lori tembea nusu saa, siku tano za wiki. Na sigara, hilo nakwambia tangu tuko Nyegezi.

Shija naye apime, sukari ipo katika ukoo wenu. Yeye akikutwa yuko mpakani tu, yaani sukari imepanda lakini haijafika kisukari, ana bahati: Marekani walitoa utafiti mwaka 2002, watu wa mpakani waliopewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki, hatari yao ya kuugua ilipungua kwa asilimia 58. Bila kidonge. Lakini wewe umeshavuka mpaka, Masanja, wewe unahitaji vyote viwili, dawa na mazoezi.

Kesho nenda hospitali hapo hapo Sengerema wakupime na kukupangia dawa upya. Au vuka uje. Daraja la Kigongo–Busisi lipo, kivuko si sababu tena. Nitakupeleka kliniki Bugando na nitakaa nawe kwenye foleni mpaka jina lako liitwe.

Presha ulipima lini mara ya mwisho, na ilikuwa ngapi? Miguu inakufa ganzi au kuwaka moto usiku? Macho umewahi kuangaliwa? Vile vidonge bado unavyo au ulivitupa? Figo je, walikupima? Na kile kiwanja cha Buswelu umefikia wapi na yule mzee? Unakuja Jumamosi, au nipande gari nije mimi?

Rafiki yako,
Mathias