Redio za jamii ndogo zina habari pia, sio ngoma tu

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, manake ile makala yenu ya juzi kuhusu vyombo vya habari vya jamii ndogo nimeisoma mara mbili na bado inanikereketa. Mliandika kwa nia nzuri, hilo nakubali kabisa, na magazeti mengi hata hayakumbuki kama vituo vya namna hii vipo. Ila kuanzia kichwa cha habari mpaka picha ilikuwa ngoma, mavazi, bibi anasimulia hadithi, na maneno "hazina ya utamaduni" yamerudiwa mara tano, nimeyahesabu. Habari haikutajwa hata mahali pamoja. Mtu akisoma pale anadhani redio ya watu wachache ni kabati la kuwekea vitu vya mababu visiliwe na mchwa.

Mimi nimezaliwa kwenye jamii kama hiyo na nimejitolea miaka kadhaa kwenye kituo kidogo kinachotangaza kwa lugha yetu. Nyimbo tunapiga, hadithi tunarusha, na nazipenda. Lakini watu wanaotufungulia redio asubuhi wanataka kujua nini kimetokea na wafanye nini, basi. Na ndivyo ilivyokuwa tangu zamani hata kwa jamii ndogo za nchi nyingine, naomba niwakumbushe kidogo.

Gazeti la kwanza la Wamarekani weusi, Freedom's Journal, lilitoka New York Machi 1827, utumwa ukiwa bado unaendelea kule kusini. Kwenye toleo la kwanza kabisa wahariri wake Samuel Cornish na John Russwurm walisema wanataka kujitetea wenyewe, kwamba wengine wamewasemea kwa muda mrefu mno. Mwaka uliofuata, Februari 1828, taifa la Wacherokee, watu wa asili wa Marekani, nao wakatoa lao, Cherokee Phoenix, sehemu kwa Kiingereza na sehemu kwa Kicherokee, kwa herufi alizokamilisha Mcherokee mwenzao Sequoyah mwaka 1821, mtu ambaye hakujua kusoma Kiingereza. Sasa hebu fikirini, watu wana maandishi yao kwa miaka saba tu, wanapata mtambo wa kuchapia, wanachapa nini? Walichapa sheria zao, walichapa mambo ya ardhi yao ambayo jimbo la Georgia lilikuwa linaitaka, na ule upande wa Kiingereza ulikuwa wa kuwafikia watu wa nje waelewe kinachoendelea. Mwaka 1835 askari wa Georgia walikuja wakaubeba mtambo.

Ida B. Wells naye, mwandishi mweusi wa Marekani, kule Memphis mwaka 1892 watu watatu weusi wa duka moja waliuawa na kundi la watu, mmoja wao alikuwa rafiki yake wa karibu. Akaandika kwenye gazeti lake Free Speech kwamba sababu zinazotolewa kuhalalisha mauaji ya namna ile ni za uongo. Mwezi Mei, yeye akiwa safarini, ofisi ya gazeti ikavamiwa na kuharibiwa, akaonywa asirudi, akaendelea kuandika akiwa New York. Huyu mama alifanya uchunguzi wa jina, tarehe na mahali, tukio moja baada ya lingine, kazi ambayo magazeti makubwa ya wakati ule hayakuifanya manake waliouawa hawakuwa watu wao.

Halafu kuna gazeti la watu weusi Chicago Defender, la Robert S. Abbott, iliyoanza 1905, hii ndo naipenda zaidi. Wahudumu weusi wa mabehewa ya kulala ya kampuni ya Pullman walikuwa wanaibeba ndani ya treni mpaka kusini ambako kuna sehemu wenye mamlaka walitaka kuizuia, na ikifika nakala moja inazunguka mikono mingi, inasomwa kwa sauti kwa kinyozi na kanisani ili hata asiyejua kusoma apate. Na ndani yake mlikuwa na nini, ratiba za treni, matangazo ya kazi, mambo ya mishahara ya kaskazini, na watu wakaanza kuiandikia gazeti wenyewe, wakisema "nina mikono miwili naweza kufanya kazi hii na hii, nisaidieni nifike". Mamia ya maelfu ya watu walihama miaka ile, na kwa wengi wao gazeti hili ndilo lililowaonyesha njia.

Tena kuna Forverts ya New York, gazeti la Wayahudi wahamiaji kwa lugha ya Kiyidi, tangu 1897. Mhariri wake Abraham Cahan alianzisha mwaka 1906 safu ya barua za wasomaji, mwanamke ameachwa na mume hajui aanzie wapi, kijana amependa mtu wa dini nyingine, mfanyakazi ananyanyaswa na bosi, na gazeti linajibu. Mwaka 1909 wakachapa mpaka maelezo ya mchezo wa baseball pamoja na mchoro wa uwanja, ili mzazi aelewe mwanawe anapiga kelele za nini. Hapa naomba wale wanaosema vyombo vya lugha ndogo vinawatenga watu na nchi wasome kwa makini. Gazeti la Kiyidi ndilo lililokuwa linawaelekeza watu jinsi ya kuingia kwenye ile nchi, wakiwa na akili zao na lugha yao.

Sasa nirudi kwetu. Kuna mfadhili alikuja na hela za kurekodi hadithi za wazee, tukashukuru sana na kazi tukaifanya. Tulipoomba sehemu kidogo tu ya bajeti iende kwa ripota mmoja wa kufuatilia kesi za ardhi na vikao vinavyoamua mambo ya maji tukaambiwa hiyo ni siasa, sisi turudi kwenye utamaduni. Miezi michache baadaye likabandikwa tangazo la watu kuhama, limeandikwa kwa lugha ya kiofisi ambayo hata aliyesoma inampa shida, na humo ndani katikati kabisa kuna siku za mwisho za kuweka pingamizi. Mama mmoja alilipiga picha kwa simu akatuletea. Tukalifasiri, tukalisoma hewani mara nne kwa siku wiki nzima, na mtangazaji alikuwa anarudia ile tarehe polepole kama anamsomea mtoto. Watu walienda kuweka pingamizi. Hakuna aliyetulipa kwa kazi ile na hakuna gazeti lililokuja kupiga picha, ila siku ya tamasha la ngoma walikuja.

Mtu ataniambia mbona kuna taarifa ya habari inayotafsiriwa kwa lugha hizo kwenye vituo vikubwa. Inasaidia, siikatai, hasa kukiwa na ugonjwa wa mlipuko na watu wanatakiwa kujua maelekezo haraka. Lakini tafsiri inaleta habari iliyochaguliwa na mtu mwingine. Aliyekaa mezani asubuhi akaamua hiki kiende na hiki kiachwe hawajui watu wetu. Wasami, watu wa asili wa kaskazini mwa Ulaya, wametawanyika kwenye nchi nne, Norwe, Uswidi, Ufini na Urusi, na mwaka 2001 vituo vya umma vya baadhi ya nchi hizo vilipoanzisha taarifa ya pamoja ya televisheni kwa Kisami, Ođđasat, ripota akawa anaweza kufuata malisho ya kulungu wanaowafuga upande huu na upande ule wa mpaka kama habari moja, manake kwa watu wale ni habari moja. Kwa kutafsiri tu taarifa ya kila mji mkuu kivyake huwezi kupata kitu kama hicho.

Lipo na swali la ukabila, makala yenu iligusa kwa mbali, na najua wasomaji wengi wanaliwaza. Wakisikia redio ya kabila wanakumbuka RTLM ya Rwanda, ile iliyochochea mauaji mwaka 1994. Kuogopa kitu kile ni haki kabisa. Ila tuseme ukweli wote, RTLM haikuwa redio ya watu wachache. Waliokuwa nyuma yake walikuwa watu wa karibu na utawala, ilitangaza kwa jina la walio wengi, na waliochinjwa ndo walikuwa wachache, ambao wakati ule hawakuwa na sauti ya nguvu kama ile hewani. Kwa hiyo mchochezi ashitakiwe, awe anatangaza kwa lugha kubwa au ndogo, sheria ipo. Lakini kutumia RTLM kuwanyima leseni watu wachache ni kuwaadhibu walioko upande wa wale waliouawa.

Na nisije nikaonekana napaka rangi. Kuna shida inatoka ndani kwetu, na hiyo ndo inaniuma kuliko ya nje. Elias Boudinot, mhariri wa kwanza wa lile gazeti la Wacherokee, aliacha kazi mwaka 1832 kwa sababu chifu John Ross hakutaka gazeti lichapishe mawazo ya waliokuwa wanafikiria kukubali kuhama. Mimi binafsi naona Ross alikuwa na hoja, taifa lilikuwa linazingirwa na umoja ulihitajika, lakini wasomaji walikuwa na haki ya kusikia ubishi wa mambo yao wenyewe. Hata leo mzee anayeheshimika akipiga simu studio akasema hilo jambo la familia msilitoe, mtangazaji anafanyaje, huyo mzee labda ni baba yake mdogo. Kule Nyuzilandi televisheni ya Wamaori, watu wa asili wa nchi ile, iliyoanza 2004, ilikuwa na kipindi cha uchunguzi Native Affairs ambacho mwaka 2013 kilihoji matumizi ya fedha kwenye taasisi ya Kimaori inayopendwa sana na watu wao. Waandishi wake walilaumiwa na baadhi ya watu, lakini nani mwingine angeuliza yale maswali bila kuonekana adui? Maswali ya namna ile yanahitaji mwenye nyumba ayaulize, na anayeuliza anahitaji mshahara usiotoka mfukoni kwa anayemhoji.

Azimio la Umoja wa Mataifa la haki za watu wa asili la mwaka 2007, kifungu cha 16, linasema wana haki ya kuanzisha vyombo vyao vya habari kwa lugha zao wenyewe. Sijaona pale panaposema viwe vya nyimbo.

Basi ombi langu Mhariri ni hili. Mkija tena kwenye kituo kidogo chochote, mje na mtu wa dawati la habari, sio wa burudani peke yake. Mkichukua habari tuliyoanza sisi, mtaje kituo, na ripota aliyetembea kilomita zake alipwe kama mnavyomlipa mwandishi wenu wa mikoani. Tukiwaletea jambo la ardhi au hospitali msituambie subirini toleo maalumu la makabila, liwekeni ukurasa wa habari siku hiyohiyo maana tarehe za pingamizi hazisubiri. Na picha safari hii mpigeni yule binti anayesoma taarifa yetu ya saa moja asubuhi, akiwa na nguo zake za kazini na karatasi mkononi, na chini mwandike jina lake na neno mwandishi wa habari.

Msomaji wenu wa siku zote