Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025: Nani Mwenye Kusema Rubani Amechoka?

Ndugu wanachama wa chama chetu cha marubani,

Taarifa za miaka iliyopita zilianza na mishahara. Ya mwaka huu naianza na usingizi, kwa sababu ndio uliojaza simu zilizoingia ofisini, nyingi zikipigwa usiku wa manane kutoka hotelini.

Kwenye karatasi mambo ni yale yale. Ulaya na Marekani, kikomo ni saa 100 za kuruka ndani ya siku 28, na hakuna kati yetu asiyekijua. Kilichobadilika ni namna ratiba zinavyopangwa. Zamani mpangaji wa ratiba alikiacha kikomo mbali. Siku hizi programu ya kompyuta inakisogelea hadi ikiguse, na ndege ikichelewa kidogo tu, umeshapita. Tena kikomo hicho hakiulizi saa zenyewe ni zipi. Kati ya saa 8 usiku na saa 12 alfajiri mwili unadai usingizi hata kama ulilala mchana kutwa.

Watu wa nje hudhani safari ndefu kabisa ndizo zinazotumaliza. Nairobi hadi New York ni takriban saa 15, na huko saa ziko nyuma yetu kwa 7 au 8 kutegemea majira. Inachosha, sikatai. Lakini mle mna marubani wanne, vitanda vya kulalia kwa zamu, na mapumziko ya maana mkifika. Malalamiko mazito tuliyopokea yanahusu safari za kwenda na kurudi usiku mmoja, saa nne au tano kila upande, marubani wawili, kitanda hakuna. Ndege ya Air India Express iliyoanguka Mangalore tarehe 22 Mei 2010 na kuua watu 158 ilikuwa inarudi kutoka Dubai katika safari ya namna hiyo. Rubani mkuu alilala zaidi ya saa moja na nusu njiani, na wachunguzi walisema aliposhika usukani kutua bado alikuwa katika mang'amung'amu ya usingizi. Msaidizi wake alimwambia aghairi kutua. Hakusikilizwa.

Januari 2024 nchini Indonesia, marubani wote wawili wa Batik Air walisinzia kwa dakika 28 wakielekea Jakarta. Msaidizi alikuwa na mapacha wa mwezi mmoja nyumbani na hakuwa amepata usingizi wa kutosha. Kwa mujibu wa saa za kazi, alikuwa halali kabisa kuruka. Hapo ndipo penye hoja yangu yote: sheria inahesabu saa, lakini anayejua kama amelala ni yule aliyelala.

Mvutano mkubwa wa mwaka ulihusu hilo hilo. Mwanachama mmoja aliarifu kwamba hayuko fiti kuruka. Kesho yake aliitwa ofisini ajieleze, na siku ile ikakatwa kwenye likizo yake. Baada ya vikao kadhaa, siku imerudishwa, na mwajiri amekubali kwamba fomu za uchovu ziende kwa watu wa usalama, zisipitie kwa mpangaji wa ratiba. Ahadi hiyo ni ya mdomo mpaka sasa. Mimi siihesabu.

Wenzetu walioajiriwa Ghuba walipata somo lao usiku wa tarehe 23 Juni, Qatar ilipofunga anga yake na ndege zikageuzwa kwenda viwanja vingine. Hali kama hiyo ndiyo inayompa rubani mkuu mamlaka ya kurefusha zamu. Kanuni za Ulaya zinamruhusu hadi saa mbili, au tatu kama kuna marubani wa ziada. Mamlaka hayo ni yake peke yake, baada ya kuwauliza wenzake hali zao. Kuna walioletewa ujumbe kwenye simu ukiwaeleza kwamba wameshaongeza saa mbili. Hiyo ni amri iliyovalishwa kanzu ya hiari, na ushauri wa chama ni kuikataa kwa maandishi.

Habari njema haikosekani. Mamlaka ya usalama wa anga ya Ulaya ilichunguza wazo la kumwacha rubani mmoja peke yake kwenye chumba cha marubani ndege ikiwa juu, mwenzake akilala, na mwaka huu ikasema haikuweza kuthibitisha kwamba usalama utabaki kama ulivyo. Wanaotaka kupunguza viti viwili kuwa kimoja watarudi tu, wala tusijidanganye.

Sasa niseme neno litakaloninyima kura. Wapo miongoni mwetu wanaomalizia siku ya mapumziko shambani Kitale au dukani Mombasa, kisha wanadandia ndege ya jioni kuja kuanza zamu ya usiku. Katika ajali ya ndege iliyotokea karibu na mji wa Buffalo, Februari 2009, rubani msaidizi alikuwa amesafiri usiku kucha akivuka Marekani ili awahi kazini. Hatuwezi kwenda kwenye meza ya mazungumzo kudai saa za kulala, halafu tuzitumie kukagua mahindi.

Mengine kwa kifupi. Hesabu zimekaguliwa na mweka hazina atazisoma. Bima ya kupoteza leseni imeongezwa muda kwa masharti yale yale. Vijana wanaendelea kutuaga kwenda Ghuba. Tunawatakia heri, na uanachama wao uko pale pale wakilipa ada.

Ajenda ya nne ni azimio: kwamba chama kisitie saini mkataba wowote mpya wa ajira usiokuwa na kifungu kinachomlinda anayesema amechoka. Kamati inaliunga mkono. Mtakaokuwa angani siku ya mkutano, mkabidhini katibu barua ya uwakilishi kabla ya Ijumaa. Ujumbe wa simu hautahesabiwa kuwa kura.