Kebo za intaneti juu ya ua zitatuunguza

Mhariri,

Naomba nafasi niwaseme mafundi wenzangu, hasa hawa vijana wanaovuta intaneti kutoka nyumba moja hadi nyingine hapa Lurambi na mitaa mingine ya Kakamega. Sina ugomvi na majirani wanaogawana waifai. Bili ya mwezi ikibebwa na wawili kila mtu anapumua, na watoto wa pande zote wanafanya kazi zao za shule. Ugomvi wangu ni kebo.

Tembea mitaani utaziona. Kebo ya kijivu, ile iliyotengenezewa ndani ya nyumba, imetolewa dirishani, ikafungwa kwa kamba ya nailoni kwenye mparachichi, ikapita juu ya ua wa miiba na kamba ya nguo, kisha ikaingia kwa jirani kupitia tundu lililotobolewa kwenye fremu. Jua likiipiga miezi kadhaa ganda lake linapasuka na maji yanaingia. Hilo ni dogo, utanunua nyingine. Kubwa ni kwamba ndani ya ganda hilo mna nyaya nane za shaba, na sisi tunaishi mahali panapopata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, nyingi zikishuka alasiri pamoja na ngurumo.

Msimu uliopita niliitwa kwenye ploti moja baada ya radi kupiga mkaratusi ulio nyuma. Nyumba yenyewe haikuguswa. Mama mwenye nyumba alikuwa amefanya kila alichofunzwa na nyanyake: runinga na friji amezichomoa, kioo amekifunika leso, watoto amewakataza kusimama mlangoni. Ruta aliiacha ikiwaka kwa sababu binti wa jirani alikuwa anaitumia, na si vizuri kumkatia mtu kitu anacholipia. Nilipoifungua ile ruta, kijisanduku cheusi kilicho nyuma ya tundu la kebo kilikuwa kimepasuka, na vipini vya tundu vimeyeyuka vikawa donge moja. Kwa jirani, kama mita thelathini hivi kutoka pale, kompyuta ya yule binti ilikuwa imekufa, na kazi yake ya chuo ndani yake. Kijana aliyeivuta kebo aliambiwa, akajibu kwamba radi ni mapenzi ya Mungu. Radi, sawa. Kebo je?

Wengi hawajui kwamba radi haihitaji kupiga kebo wala nyumba. Kila nyumba ina mita yake ya stima na nondo yake iliyopigwa ardhini. Radi ikishuka kwenye mti ulio karibu na nyumba ya kwanza, udongo wa hapo hupanda volti ghafla kuliko udongo wa nyumba ya pili. Umeme huo hutafuta njia ya kwenda kule ambako volti ziko chini, na sisi tumeshautandikia njia ya shaba kutoka sebule hadi sebule. Kuna wanaonunua kebo yenye ganda la chuma wakidhani wamejikinga. Ikiwa nyumba moja ina hitilafu ya stima, ganda hilo laweza kuibeba mpaka kwa jirani hata siku ya jua kali. Na wanaonikumbusha kuwa kebo hii hufika mita 100 bila shida, nakubaliana nao, mradi mita hizo ziwe ndani ya jengo moja.

Sasa mtaniuliza tufanyeje. Kuna antena ndogo zinazouzwa mbili mbili, kila moja haizidi ukubwa wa daftari. Moja inafungwa kwa mwenye ruta, nyingine kwa jirani, zikitazamana, na kati ya nyumba na nyumba hakuna waya wowote. Zifungwe chini ya ukingo wa paa. Nimeona mtu kaipandisha yake kwenye mlingoti unaopita paa, na waya unaoilisha antena ni wa shaba vilevile, kwa hiyo ameikaribisha tena ile radi aliyokuwa akiikimbia. Pia ziwekwe juu ya kimo cha mahindi. Ukizifunga Februari shamba likiwa tupu utafurahi, lakini ikifika Juni mahindi yamempita mtu, na majani mabichi yaliyolowa hunyonya mawimbi, ya gigahazi 5 zaidi kuliko ya 2.4. Nyumba ikiwa ya mabati, usitegemee ruta ya ndani isikike nje, kwani bati huyarudisha mawimbi ndani. Ndiyo maana vile vijisanduku vya kuongeza nguvu ya waifai huwavunja moyo watu: wanavichomeka kwa jirani, pale ambapo mawimbi yameshachoka, badala ya kwenye dirisha linalotazama ruta. Na vile vya bei nafuu, kwa kuwa vinapokea na kutuma kwa masafa yaleyale, hupunguza kasi kama nusu.

Anayetaka waya kabisa avute faiba, na kila upande kiwekwe kigeuzi chake, yaani kijisanduku cha kuiunganisha faiba na ruta. Faiba ni kioo, haipitishi umeme. Ila nyingi za kuning'iniza zina waya wa chuma pembeni wa kubeba uzito. Waya huo ukatwe na kufungwa nje ukutani, usiingie ndani hata kidogo. Hapo ndipo mafundi wenye haraka wanapoharibu kazi nzuri.

Kuhusu sheria nitasema machache. Soma mkataba wako kabla ya kugawa, maana kampuni nyingine zinaruhusu nyumba moja tu. Kumuuzia mtaa mzima ni biashara inayotaka leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, ambayo tangu 2021 ina utaratibu wa leseni kwa mitandao inayoendeshwa na wanajamii wenyewe. Na jirani mpe waifai ya wageni yenye pasiwadi yake, asije akakutana na simu na kompyuta zako zote humo.

Ombi langu la mwisho ni kwa wenye maduka ya vifaa pale mjini. Mteja akitaka mita arubaini za kebo ya shaba, kabla hujaikata muulize inatoka nyumba gani kwenda nyumba gani. Akikuonyesha ua kwa kidole, mpeleke kwenye rafu ya antena.

Fundi wa stima,
Lurambi, Kakamega