Tunapongoja pesa za miwa, waliotupalilia nao wanangoja

Mhariri,

Tangu malipo ya miwa yaanze kuchelewa huku kwetu Kaunti ya Kakamega, karibu kila Jumapili tunahubiriwa Yakobo 5, mstari wa 7: mtazameni mkulima anavyongoja mazao ya nchi, anavyovumilia hadi apate mvua ya kwanza na ya mwisho. Ni mstari mzuri na umetufaa. Lakini mkulima wa miwa hahitaji kufundishwa kungoja. Anapanda, anatia mbolea, anapalilia, kisha anakaa mwaka mmoja na nusu hivi kabla panga halijaingia shambani. Ikishakatwa anangoja trekta, na huku miwa inakauka kando ya barabara na kupoteza uzito. Ikifika kiwandani, ndipo anaanza kungoja pesa.

Ninalouliza ni kwa nini wahubiri wetu huanzia mstari wa 7. Panda juu kidogo, mstari wa 4, Yakobo anasema ujira wa waliovuna mashamba, ule uliozuiwa kwa hila, unapiga kelele, na vilio vyao vimeingia masikioni mwa Bwana wa majeshi. Tukiusoma huo, sote tunamfikiria mwenye kiwanda. Haya, na aufikirie. Lakini shamba hilo tunaloliombea lilipaliliwa na nani?

Nina duka dogo sokoni, la unga, sabuni, chumvi na mafuta ya kupima, na daftari langu la madeni hunionyesha mambo ambayo pengine mchungaji hayaoni akiwa madhabahuni. Mkulima ameandikwa humo kwa sababu kiwanda hakijamlipa. Kurasa chache mbele ameandikwa mama aliyempalilia mkulima huyo huyo, kwa sababu mkulima hajamlipa. Wa kwanza amekopa unga, mafuta, hata sukari nusu kilo. (Ndiyo, mkulima wa miwa anakopa sukari. Tumezoea, hata hatucheki tena.) Wa pili amekopa kibiriti na omena za watoto. Ijumaa usiku wote wawili wako kwenye kesha, wanaomba jambo moja kwa sauti moja: Bwana, fungua mlango. Na mlango wa yule mama umesimama pale pale kando yake, umeinua mikono.

Najua jibu wanalopewa hawa kina mama: "Nitakulipa kiwanda kikinilipa." Mara nyingine ni jibu la kweli, asiye nacho hana. Ila soko letu ni dogo na macho tunayo. Mtu amejibu hivyo asubuhi, na Jumapili pesa za ndama aliyemuuza anazitoa kwenye harambee mbele ya kanisa zima, anapigiwa vigelegele. Au anaitikia mwito wa kutoa sadaka ya "kupanda mbegu" ili malipo yake yafunguke. Mbegu gani hiyo? Huo ni ujira wa mtu. Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, inaamuru kibarua apewe chake siku ile ile kabla jua halijachwa, kwa kuwa ni maskini na roho yake inautegemea. Sijaona palipoandikwa kwamba agizo hilo halimhusu anayedai kwingine.

Katika Zaburi 139 mwombaji anamwambia Mungu amchunguze yeye, aujue moyo wake. Huku kwetu tunapenda zaidi kuchunguzana. Mkulima akicheleweshewa kuliko wenzake, mnong'ono unaanza: ana dhambi ya siri, au kwao kuna laana. Hao ni marafiki wa Ayubu waliofufuka, na Mungu aliwakasirikia mwishoni mwa kitabu. Dhambi ya mzee fulani haizuii hundi. Hundi huzuiwa na watu wenye ofisi na viti, na kwa ajili yao ipo Sheria ya Sukari ya 2024, na ipo Bodi ya Sukari ya Kenya iliyorudishwa na sheria hiyo. Tuwaandikie, tuwafuate, na mtu asituambie kwamba kudai haki ni kukosa imani.

Yuko mzee mmoja kijijini ambaye anakidai kiwanda kuliko wengi wetu. Msimu huu aliuza mbuzi, akawaita kina mama waliompalilia na kuwagawia kilichopatikana. Hakikutosha. Akamtajia kila mmoja salio lake na kuliandika mbele yao wote, kisha akaja kwangu kukopa unga. Nilimpa bila kumuuliza atalipa lini, na mimi si mwepesi wa kukopesha, waulizeni majirani. Nilichomuuliza ni kama haoni hofu kubaki mikono mitupu na kiwanda kimenyamaza. Akasema hofu anayo, lakini hawezi kupiga magoti siku ya kesha kando ya mtu anayemdai.

Na sisi wenye maduka tuna letu. Wapo wanaomwandikia mteja wa deni bei ya juu kuliko ya taslimu bila kumwambia, kisha wanakalia viti vya mbele kanisani.

Ombi langu kwa wachungaji, mapadri na viongozi wa jumuiya: Jumapili ijayo someni sura hiyo ya 5 kuanzia mstari wa kwanza. Na ninyi wakulima, siku pesa zikiingia benki, piteni kwanza kwa waliowapalilia ndipo mje dukani. Mimi naweza kukaa nyuma yao kidogo. Kidogo tu, kwa sababu yule muuzaji wa jumla ninayechukua mali kwake mjini Kakamega hapokei ushuhuda.

Mama Duka,
Kakamega